Neno Nililolimeza Nyansiongo

Ulitazama ndoo yako. Usinikatalie, mimi nilikuwa nimesimama mbele, na aliyesimama mbele huona nyuso zote. Siku ile Persis Nyangate alipoinuka katika ofisi ya chama chetu cha maziwa hapa Nyansiongo, akauliza kama kuna mwanachama hata mmoja anayemjua, wewe ulikuwa benchi la tatu, ndoo katikati ya magoti, na ghafla kifuniko kikawa na kazi nyingi. Ukakifungua, ukakifunga. Jirani yako akapatwa na kikohozi. Mwingine akatoka nje kuangalia baiskeli ambayo hakuna mtu aliyeitaka.

Hukusema uongo. Hilo nakupa. Uongo niliusema mimi. Wewe uligeuza uso tu, na sasa miaka miwili na nusu imepita na uso wako bado uko huko huko.

Unanijua. Mimi ni Mose wa Mosocho, yule wa kelele. Mwaka wa themanini na nane, siku ya kura za mlolongo, nilijipanga nyuma ya mgombea ambaye mstari wake ulipinda ukaingia kwenye migomba ya watu. Mstari wa yule mwingine ulikuwa na watu kumi na saba, na ninaweza kukutajia majina yao leo bila kukosea. Afisa akasoma karatasi yake, akasema wale kumi na saba ndio wengi. Nikapiga kelele: "Soma kilichopo! Macho si unayo?" Nililala seli siku tatu kwa sababu ya maneno hayo. Tangu hapo nikawa mtu. Popote watu waliposomewa jambo ambalo haliko, Mose alikuwepo, koo limemkauka.

Shule niliiacha darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia nyama, na kompyuta nilijifunza kwa kufungua zilizokufa. Kufikia mwaka wa tisini na saba nilikuwa naitwa daktari wa kompyuta, kutoka Kisii mjini hadi Keroka. Nilikuwa na diski moja ya kusaka virusi, nimeletewa kutoka Nairobi, naiweka kwenye mkebe wa biskuti kama jiwe la nyoka. Virusi vya kompyuta ni programu ndogo ya mtu mwenye nia mbaya. Inajificha ndani ya mashine, inangoja tarehe yake, kisha inaharibu kazi za watu. Diski yangu ilipekua faili moja baada ya nyingine, na ikikuta kitu, skrini yote inageuka nyekundu. Watu walikuwa wanaupenda ule wekundu. Mimi nilikuwa naupenda zaidi yao.

Sasa Persis. Alitoka Manga, binti wa mjane, Msabato, sauti ya kwanza katika kwaya. Alikuja kuwa karani wetu wakati kompyuta tuliyopewa na wafadhili ilikuwa imekaa miezi minne chini ya kitambaa cha kufuma, kama picha ya marehemu. Yeye akaondoa kitambaa. Alikuwa na kitabu kisicho na jalada alichookota kwenye gunia la karatasi za kufungia, kitabu cha kuandika programu, akakisoma jioni mpaka kurasa zikalegea. Halafu, bila kutumwa na mtu, akatengeneza programu ya ng'ombe.

Unaikumbuka. Asubuhi mashine ikiwashwa, kabla ya kitu kingine, ililia tii, halafu ikaandika ng'ombe wa nani leo ametimiza siku zake. "Sabina wa Ondieki: siku ishirini na moja. Mwite daktari wa kupandisha." Na Loice, mpokea maziwa, alikuwa anatoka barazani anatangaza kwa sauti ya mnada:

"Mwenyekiti! Sabina anatafuta bwana!"

"Si useme polepole, mama," Ondieki, mwenyekiti wetu, alikuwa anamjibu.

"Niseme polepole na yeye mwenyewe analia mpaka Sotik inasikia?"

Mlicheka wote. Ila mwaka ule ng'ombe hawakukaa bure, na hilo ulilijua kwenye ndoo yako.

Februari barua za chama zikaanza kupotea. Persis anachapa, mashine inazimika, ikiwaka tena barua haipo au iko nusu. Barua ya kuita mkutano ilipotea mara tatu. Ondieki akanitumia mtu. Nikaja Jumatano, na mkebe wangu wa biskuti chini ya kwapa.

Lazima nikwambie jambo ambalo siku ile sikulisema. Mwaka mmoja kabla, nilikuwa Kisii mjini, katika duka la Haresh na mkewe Meena, Mama Chandni, pale wanapochapa barua na kutoa fotokopi. Nilikuwa nawaeleza walimu watatu jinsi kompyuta inavyojua tarehe. Nikasema diski ndiyo huitunza. Nyuma yangu msichana aliyekuwa anangoja fotokopi akasema kwa upole, "Samahani kaka Mose, ni betri ndogo iliyo ndani. Diski ukiitoa, tarehe inabaki." Walimu wakacheka. Yeye hakucheka. Msichana huyo alikuwa Persis. Mimi sisahau kitu. Ndiyo sifa yangu, na ndio ugonjwa wangu. Kicheko kile nilikibeba mwaka mzima, nikaingia nacho ofisini.

Mlikuwa mmejaa, wengine benchini, wengine mlangoni. Nikaweka diski. Mashine ikanguruma. Mara mbili taa ya dari ikafifia, maana jirani alikuwa anachomelea mageti kwa umeme wa waya ule ule. Niliiona. Wewe pia uliiona, ulitazama juu. Fundi mwaminifu angesimama hapo aulize: kila jirani akichomelea, mashine hii inafanya nini? Sikuuliza. Skrini ilikuwa imegeuka nyekundu, na nyinyi mkasema "Aaa!" kama watu walioona nyoka.

Iliandika kwa Kiingereza. Nitakuwekea kwa Kiswahili sawasawa, kama ambavyo ningepaswa kufanya siku ile. Iliandika: Programu hii inakaa ndani na kungoja tarehe. Huenda ni virusi visivyojulikana. Hakikisha kabla ya kufuta.

Ni programu ya ng'ombe. Inakaa ndani, inangoja tarehe. Itangoja nini kingine? Ndama hawaji kwa kubahatisha. Kile kisakaji hakikujua ng'ombe ni nini. Kiliona kitu kinachojificha na kuhesabu siku, kikashtuka, na kikawa na adabu ya kusema huenda. Mashine ilikuwa na adabu kuliko mimi.

"Inasema nini, daktari?" Ondieki akauliza. "Miwani yangu nimeiacha nyumbani."

Miwani ya Ondieki iko nyumbani tangu azaliwe, sote tunajua. Nikamtazama Persis. Nikawasikia wale walimu watatu.

"Inasema ni virusi," nikasema.

"Vimetoka wapi?"

"Viko ndani ya programu ya huyu."

Persis alikuwa amesimama kando ya meza. Akainama, akasoma skrini, akaniinulia macho.

"Kaka Mose, soma yote."

"Nimesoma."

"Kuna neno umeliruka. Imesema huenda."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakuomba tu usome mbele ya watu kama ilivyoandikwa."

Nami nikajibu, Mose wa mlolongo, Mose wa seli siku tatu: "Mshukiwa hasomi ushahidi."

Mkacheka kidogo. Siyo wote. Wewe sijui.

"Futa," Ondieki akasema.

"Mwenyekiti, ngoja. Ninayo yote kwenye daftari, nitawaonyesha mstari kwa mstari—"

"Binti, barua zangu zimepotea mara tatu. Futa, daktari!"

Nikafuta. Nikamwambia Persis alete na diski yake ya akiba. Akaileta mwenyewe, mikono miwili, kama mtu anayempa mzee maji. Nikaifuta pia. Ndipo akawageukia akauliza: "Kuna mtu hapa ananijua?" Na wewe ukashughulika na kifuniko.

Alipoona hakuna jibu, akasema, "Basi nitakula emuma."

Tukasikia maziwa yakidondoka kwenye mkebe. Kwa wageni watakaosoma karatasi hii, emuma ni kiapo cha wazee wetu. Anayekiapa kwa uongo kinamfuata yeye na nyumba yake. Na akiwa amesema kweli, wazee wanasema, kinageuka kumtafuta aliyemsingizia. Hakuna Msabato anayekigusa.

Alfayo, mzee wa kanisa lake, alikuwa pale kama mwanachama. Akasema, "Persis, mwanangu, ukiapa hicho utarudi kanisani kwa mlango gani?"

"Mzee, mlango wa kazi umefungwa. Wa jina umefungwa. Nionyeshe ulio wazi nipite."

Mzee Alfayo hakuwa nao. Katibu akaandika, na ipo mpaka leo, kumbukumbu ya saba: Persis Nyangate aliingiza virusi katika mashine ya chama, kwa ushahidi wa mtaalamu Mose. Ameachishwa kazi.

Jumapili iliyofuata, Manga, aliweka mkono juu ya mti wa omotembe akaapa mbele ya wazee. Sikwenda. Niliambiwa hakulia. Sabato iliyofuata kanisa likamtoa kwenye kwaya, akakaa benchi la nyuma.

Mimi nilijua ukweli wiki tatu baadaye, na hapa ndipo nakuomba usinionee huruma. Nilikuwa dukani kwa Meena. Nilikuwa nimeandika kiprogramu changu cha kunikumbusha siku za mikutano, nikakiweka kwenye mashine yake, kisha nikapitisha diski ya kusaka. Skrini ikawa nyekundu.

"Bwana Mose!" Meena akasema. "Wewe daktari ndiye unaniletea ugonjwa?"

"Hakuna ugonjwa, Mama Chandni. Hii nimeandika kwa mkono wangu."

"Na hiyo nyekundu?"

"Nyekundu si kitu. Imesema huenda. Huenda si ndiyo."

Neno likanitoka mdomoni lenyewe, safi, kila herufi. Meena akaacha kupanga karatasi. Alizaliwa Kisii mjini, hakuna habari ya vilima hivi inayompita.

"Na ya yule msichana wa Manga?" akauliza. "Yake ilisema nini?"

Nikaitoa diski, nikairudisha kwenye mkebe.

"Alikuja hapa kuomba kazi, Bwana Mose. Anachapa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwajiri. Haresh alitaka tumchukue. Mimi nikakataa, kwa sababu yako."

Wakati ule mlango ulikuwa wazi. Ningesema neno moja, Persis angekuwa kazini Jumatatu. Nikasema:

"Yake ilikuwa tofauti."

Uongo wa kwanza niliusema kwa kiburi, nikiwa na wekundu machoni. Huu wa pili niliusema nikijua, mchana, nimekunywa chai ya yule mama. Kama unatafuta dhambi yangu, usiitafute Nyansiongo. Iko Kisii mjini, kando ya mashine ya fotokopi.

Baada ya hapo nikaanza kungoja. Binti yangu Emily akipata homa, nahesabu. Kuku akifa, nahesabu. Mimi ninayewacheka wazee kwa viapo vyao nililala macho wazi nikisikiliza kifua cha mtoto. Na huko Manga nao walikuwa wanahesabu, ila wao walimhesabia yeye. Mama yake akaugua mgongo mwezi wa sita. Wakasema, emuma hiyo. Ndizi zikaanguka kwa upepo, emuma. Upepo uliangusha ndizi za kilima kizima, lakini za Persis tu ndizo zilizokuwa na sababu. Na ng'ombe wako, mwanachama, yule aliyekaa mwaka mzima bila ndama kwa kuwa hakuna aliyekukumbusha siku zake, ulimwita nani alaumiwe? Barua je? Barua ziliendelea kupotea. Virusi nilivifuta kwa mkono wangu na barua bado zinapotea, na hakuna mtu aliyeinua kichwa kuuliza.

Desemba ile ya uchaguzi nilikuwa juu ya kreti ya soda sokoni Mosocho, nadai hesabu ya kweli. "Wasome kilichopo kwenye masanduku! Wasituongezee, wasituruke!" Watu wananishangilia. Nyuma ya umati nikamwona Persis, kikapu cha kuchumia majani chai mgongoni. Nikadhani atapiga kelele, nikawa karibu kumwomba apige. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mahubiri, kisha akaondoka. Nikamaliza hotuba. Ndiyo, niliimaliza.

Mwezi uliopita ndipo nilipopanda Manga. Nilimkuta uani anapukuchua maharagwe, mama yake ameketi juani, mgongo umeegemea ukuta.

"Kaka Mose. Karibu. Chai imeisha, lakini maji yapo."

Nikabaki nimesimama. Nikamwambia yote, la Nyansiongo na la kwa Meena. Mikono yake haikuacha kupukuchua.

"La Nyansiongo nilikuwa najua," akasema. "Niliisoma ile skrini. La kwa Meena ndilo sikulijua." Akatupa ganda kando. "Kumbe alitaka kunichukua."

"Ni Haresh aliyetaka. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wako nikiupeleka kanisani watauandika wapi?" Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mzee Alfayo anasema aliyeapa kwa sababu amesingiziwa ni neno moja, na aliyeapa ili kuficha ni neno lingine. Anataka barua ya chama. Ondieki anasema barua haiwezi kupinga kitabu, na kitabuni iko kumbukumbu ya saba. Lakini hata kwaya ningeiacha."

Akashusha sauti, akaelekeza kidevu ukutani.

"Huyu. Usiku mgongo ukimuuma, ananitazama. Haulizi. Ananitazama tu, kisha anageukia ukuta. Mama yangu mwenyewe, kaka Mose, hajui kama nilimwapia uongo kichwani pake. Nataka asome mahali, kwa maandishi ya wale wale walioandika, kwamba mtoto wake hakufanya. Hilo tu. Kabla hajaondoka."

Mama hakugeuka, ila nilijua amesikia.

Nilipokuwa natoka akaingia ndani, akarudi na daftari. Programu ya ng'ombe, mstari kwa mstari, wino wa buluu. "Wako humo wote," akasema. "Hata Sabina." Ninalo mezani ninapoandika.

Nikaenda kwa Ondieki. Akanisikiliza, akajikuna shingo.

"Mose, si wewe ulisema? Sasa unataka chama kiandike nini? Kwamba tulidanganywa na Mose?"

"Ndiyo. Andikeni hivyo hivyo."

Hakulitarajia hilo. Akasema, "Mimi peke yangu siwezi. Katiba inasema kumbukumbu inafutwa kwa mikono ya wanachama, theluthi mbili. Waulize. Lakini nakwambia, hawatainua. Watu hawapendi kukumbushwa walipokuwa wamekaa."

Basi nakukumbusha ulipokuwa umekaa. Benchi la tatu.

Mkutano mkuu ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi, katika ofisi ile ile. Mashine mpya imeletwa, na tayari imepoteza barua mbili, kwa sababu jirani bado anachomelea. Tayari wanamtazama karani mpya, Nyanchera, kwa macho yale yale. Nimeitwa nije na diski yangu. Nitakuja bila diski. Nitasimama mahali pale niliposimama na kusema: neno lilikuwa huenda, nililiona, nikalimeza. Mtanizomea, na mnapaswa. Lakini kunizomea hakufuti kitabu. Mikono ndiyo inafuta.

Na usinidanganye kwamba utakuja Alhamisi ukiamua. Nakujua, Alhamisi ng'ombe ataugua, au kutakuwa na mazishi. Katibu ameweka orodha dirishani, kando ya mizani, ya wanaotaka kumbukumbu ya saba ifutwe. Wanachama ni tisini. Asubuhi ya leo orodha ina jina moja, na ni la mtu ambaye neno lake halina thamani tena.

Unasoma karatasi hii ukiwa kwenye foleni ya maziwa. Ndipo nilipoagiza igawiwe. Dirisha liko hatua sita kutoka ulipo. Kalamu imefungwa kwa uzi. Usitazame kifuniko.

Weka ndoo chini. Nenda uandike jina lako sasa, kabla zamu yako haijafika.